FUNDI WA PUMZI ANAFUNDISHWA NAMNA GANI?

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani, kabla ya kusoma mbele fanyeni kazi hii ndogo. Weka mkono juu ya kifua, angalia saa, hesabu unapumua mara ngapi katika dakika moja. Mtu mzima mwenye afya, akiwa amekaa kimya, anapumua mara 12 mpaka 20. Kwa siku nzima hesabu inafika karibu mara 20,000. Hakuna kapita anayetuamuru, hakuna anayetulipa, na hatufikirii jambo hilo hata kidogo mpaka siku pumzi inapokosekana.

Lakini sisi watu wa kazi ya shimo tunajua kwamba hewa haiji yenyewe. Chini ya udongo kuna feni kubwa, kuna milango ya hewa, kuna watu wanaopita na vipimo. Hewa safi inaingia kwa shimo moja, hewa chafu inatoka kwa lingine. Mapafu ya mtu yana shida kuliko shimo: mlango wao ni mmoja tu. Hewa safi inaingia hapo na hewa chafu inatoka hapo hapo. Mlango huo ukiziba, au mapafu yenyewe yakiwa magumu, dakika chache zinatosha kumpoteza mtu.

Katika Marekani lopitali zina watu ambao kazi yao ni hewa ya mgonjwa, kama vile shimo lina watu wa hewa. Wanaitwa waterapisti wa pumzi. Sisi hapa tutawaita mafundi wa pumzi. Wengi wao hawakusoma miaka saba au nane kama waganga. Walisoma miaka miwili hivi katika chuo cha karibu na nyumba zao. Leo tunataka kuwaeleza masomo hayo ni nini, sababu yana mambo ambayo kila nyumba ya mfanyakazi inapaswa kujua.

KAZI HII ILITOKA WAPI

Mwaka 1928, katika mji wa Boston, mtoto aliyeshindwa kupumua juu ya ugonjwa wa polio aliwekwa ndani ya sanduku kubwa la chuma, kichwa tu kikabaki nje. Mashini ilivuta hewa ya ndani ya sanduku na kuirudisha, na kifua cha mtoto kikapanda na kushuka. Watu wakaliita pafu la chuma.

Mwaka 1952 polio ilipiga mji wa Copenhagen, katika Denmark, na masanduku hayo hayakutosha. Muganga Bjørn Ibsen akaonyesha njia nyingine: kupitisha bomba kwenye koo la mgonjwa, kisha kumpulizia hewa kwa mfuko wa mpira unaominywa kwa mkono. Wanafunzi wa uganga kwa mamia walipokezana zamu, usiku na mchana, kila mmoja akiminya mfuko kando ya kitanda. Walikuwa wenyewe mashini. Watu wengi ambao wangalikufa walipona.

Katika Marekani watu wa kwanza wa kazi hii walikuwa wasukumaji wa chupa za oksijeni. Walileta chupa, walifunga maski, wakaenda zao. Mwaka 1947 walianzisha chama chao katika mji wa Chicago. Polepole ilionekana kwamba kusukuma chupa hakutoshi. Katika miaka ya 1940 na mwanzo wa 1950 maelfu ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati walipofuka macho, sababu walipewa oksijeni nyingi kupita kiasi. Hapo watu walielewa vizuri: oksijeni ni dawa. Kama kila dawa ina kipimo chake, na anayeitoa lazima awe amefundishwa.

CHUO CHA JAMII NI NINI

Marekani ina vyuo vinavyoitwa komyuniti koleji, yaani vyuo vya jamii ya mahali. Cha kwanza cha serikali kilifunguliwa katika mji wa Joliet, jimbo la Illinois, mwaka 1901. Kwa kawaida havifundishi miaka minne au zaidi kama universite kubwa. Diploma yao ya kawaida ni ya miaka miwili. Mwanafunzi analala kwao, wengi wanafanya kazi mchana na kusoma jioni, na utakuta mama wa miaka 40 amekaa kando ya kijana wa miaka 18. Asiyejua Kiingereza vizuri anaweza kuanza na masomo ya lugha.

Bei nayo ni nafuu kuliko universite. Katika mwaka wa masomo 2023-2024, mwenyeji wa mahali alilipa kwa wastani karibu dola 4,000 kwa mwaka kwa masomo peke yake, bila chakula, nyumba na vitabu. Anayetoka inchi nyingine kwa visa ya mwanafunzi hulipa zaidi.

Tuchukue mfano mmoja unaotuhusu sisi watu wa migodi. Katika milima ya kusini-magharibi ya jimbo la Virginia kuna mji mdogo, Big Stone Gap. Ni inchi ya makaa ya mawe. Huko kuna chuo cha jamii kinachoitwa Mountain Empire, na moja ya kazi zilizofundishwa humo ni ufundi wa pumzi. Si ajabu. Mwaka 2018 wachunguzi wa serikali ya Marekani walitangaza kwamba kliniki tatu tu za sehemu hiyo zilikuwa zimepata, kati ya mwaka 2013 na 2017, wachimbaji na waliokuwa wachimbaji 416 wenye aina mbaya zaidi ya ugonjwa wa mapafu ya vumbi. Basi katika inchi kama ile, mtoto anayejifunza kazi ya pumzi mara nyingi ameshasikia kikohozi cha babu yake kupitia ukuta wa chumba.

MLANGO WA KUINGIA

Usifikiri kwamba mtu anaandika jina lake leo na kesho anashika mashini. Kwanza lazima awe amemaliza sekondari. Kisha anasoma masomo ya msingi: viungo vya mwili na kazi zao, kemia, hesabu, vijidudu vya magonjwa, na Kiingereza cha kuandika. Nafasi za kilasi ni chache, na wenye alama nzuri katika masomo hayo ndio wanaopita mbele.

Akikubaliwa, anaonyesha karatasi za chanjo, anapimwa kifua kikuu, na anajifunza kumsaidia mtu ambaye moyo wake umesimama. Inaangaliwa pia kama hana makosa. Mtu atakayekaa na wagonjwa usiku lazima aaminike.

WANAFUNDISHWA NINI

Jambo la kwanza ni njia ya hewa. Bomba la pumzi linagawanyika mara mbili, tena mara mbili, kama mti uliopinduliwa, mpaka kwenye vifuko vidogo sana vya hewa. Mtu mzima ana vifuko hivyo mamia ya milioni. Kuta zake ni nyembamba kuliko karatasi. Hapo oksijeni inaingia katika damu na hewa chafu inatoka. Vumbi kubwa linanaswa puani na kooni, tunalitema. Vumbi dogo lisiloonekana kwa macho ndilo linalofika mpaka kwenye vifuko, na hapo linafanya kovu.

Kisha wanajifunza kupima. Kipimo kimoja ni spirometa. Mgonjwa anavuta hewa yote anayoweza, halafu anaipuliza kwa nguvu zake zote ndani ya bomba, bila kuacha, mpaka hakuna kitu. Mashini inaandika hewa iliyotoka katika sekunde ya kwanza na hewa yote kwa jumla. Mwenye pumu, au aliyevuta sigara miaka mingi, hewa yake inatoka polepole, sababu njia zimekuwa nyembamba. Mwenye mapafu ya makovu, hewa yake inaweza kutoka upesi lakini ni kidogo, sababu mapafu hayatanuki tena. Wakati mwingine mtu ana shida zote mbili. Mwanafunzi anajifunza kusoma mistari hiyo kama karani anavyosoma kitabu cha mishahara. Anajifunza pia kumtia moyo mgonjwa: «Puliza, puliza, bado, bado!» Asipopuliza vizuri, kipimo kinadanganya.

Kipimo kingine ni damu ya mshipa wa mkononi, ule unaopiga chini ya kidole cha gumba. Mshipa huo hauchomwi ovyo. Kwanza mwanafunzi anamwambia mgonjwa akunje ngumi, anabana mishipa yote miwili ya kifundo cha mkono, kiganja kinapauka. Kisha anaachia mshipa wa upande wa kidole kidogo. Rangi ikirudi upesi, maana yake mkono una njia ya pili ya damu, na sindano inaweza kuingia. Rangi ikichelewa, anaacha mkono huo. Hii ni sheria ya usalama, sawa na kugonga paa la shimo kabla ya kupita chini yake.

Wanajifunza tena juu ya kipimo cha kidole, kile kidude chenye taa kinachoonyesha oksijeni ya damu. Mwaka 2020 waganga wa universite ya Michigan walionyesha kwamba kwa watu weusi kidude hicho kilikosa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara 3 kuliko kwa watu weupe. Basi mwanafunzi anaambiwa: usitazame namba peke yake, mtazame mtu.

Somo gumu kuliko yote ni mashini ya kusaidia pumzi. Zamani iliaminika kwamba hewa nyingi ni nzuri. Mwaka 2000 uchunguzi mkubwa wa Marekani juu ya wagonjwa wenye mapafu yaliyoharibika vikali ulionyesha kinyume. Kati ya waliopulizwa hewa nyingi, karibu 40 kwa kila 100 walikufa. Kati ya waliopulizwa hewa kidogo, 31 kwa kila 100. Pafu gonjwa likitanuliwa kupita kiasi linapasuka ndani. Na kipimo cha hewa kinafuata urefu wa mtu, si unene wake, sababu mtu akinenepa mapafu yake hayanenepi. Mwanaume wa sentimita 170, awe mnene awe mwembamba, ataanzishiwa karibu mililita 400 kwa kila pumzi, kama mapafu yake yameharibika namna ile. Mwanafunzi anayekosea hesabu hiyo darasani anapoteza alama. Akikosea lopitalini, mtu analipa.

KUTOKA DARASANI MPAKA KITANDANI

Kwanza wanafanya mazoezi juu ya sanamu ya mtu na mapafu ya mpira. Kisha wanapelekwa lopitalini kwa mamia ya saa, chini ya macho ya fundi mzee. Wanapita chumba cha wagonjwa mahututi, chumba cha watoto wachanga, mahali pa ajali, na nyumba za wagonjwa wanaopumua kwa msaada wa chupa. Wanafanya zamu za alfajiri na za usiku. Nyinyi mnaojua zamu ya usiku mnaelewa.

Hapo ndipo wengine wanaacha. Kuna makohozi ya kunyonya kwa bomba. Kuna mgonjwa anayemshika mkono na hataki kuuachia. Kuna saa ambayo familia imekubali mashini izimwe, na mara nyingi ni fundi wa pumzi anayeizima na kubaki hapo mpaka mwisho. Mwaka 2020, wakati wa korona, mafundi hawa walikaa karibu sana na midomo ya wagonjwa kila siku. Yule anayefikiri mshahara tu, hatadumu.

Mwisho wa masomo kuna mtihani wa taifa, mmoja kwa inchi nzima. Akishinda, anaomba ruhusa ya kazi kwa serikali ya jimbo lake. Mwaka 2023, nusu ya mafundi wa pumzi katika Marekani walipata zaidi ya dola 77,000 kwa mwaka. Kwa mtoto wa familia masikini, aliyesoma miaka miwili mpaka mitatu, ni mshahara wa kusimamisha nyumba.

NA SISI WATU WA KONGO?

Katika Kongo, kama katika Ubelgiji na Ufaransa, kazi hii haisimami peke yake. Imegawanywa kati ya infirmie, muganga wa usingizi, na kinesiterapeti anayegonga kifua ili makohozi yatoke. Lakini katika Quebec, sehemu ya Kanada inayosema Kifaransa, fundi huyu anaitwa inaloterapeti, na anasoma miaka mitatu katika chuo cha mahali kinachoitwa sejepi. Kijana wetu aliye huko anaweza kusoma kwa Kifaransa.

Watu wengi wa Kongo wamehamia pia Marekani, katika Kentucky, Texas na majimbo mengine, na wengi wao wanasema Kiswahili nyumbani. Kama una mtoto, mdogo au shemeji huko, mwandikie mambo haya matatu. La kwanza: diploma ya Leta itafsiriwe kwa Kiingereza na kupimwa na ofisi inayokubaliwa na chuo. Hata aliyekuwa infirmie A2 au A1 kwetu hataanza kazi moja kwa moja, lakini masomo yake yanaweza kuhesabiwa. La pili: mkimbizi aliyepokelewa kwa sheria, na mwenye hati ya ukaaji wa kudumu, wanaweza kuomba msaada wa serikali kwa kulipa masomo. La tatu: mtu akimwomba pesa ili «amwingize» chuoni, akatae. Aende mwenyewe kwenye ofisi ya chuo. Tena aulize kama masomo hayo yanakubaliwa kwa mtihani wa taifa, sababu bila hiyo diploma ni karatasi tu.

MASOMO YANAYOFAA NYUMBANI KWAKO

Mambo mengine wanayofundishwa hayahitaji chuo. Yakateni na kuyabandika ukutani.

1. Mtoto anayekohoa: akiwa ametulia, hesabu pumzi zake dakika nzima. Mwenye miezi 2 mpaka 11, pumzi 50 au zaidi ni hatari. Mwenye mwaka 1 mpaka 5, pumzi 40 au zaidi ni hatari. Kama nyama ya chini ya mbavu inaingia ndani anapovuta hewa, usingoje kesho. Nenda lopitalini mara moja.

2. Kwa ngozi yetu nyeusi, ukosefu wa oksijeni hauonekani vizuri usoni. Angalia ulimi, ndani ya midomo na kucha. Vikiwa vya kibuluu au vya kijivu, ni hatari.

3. Mzee anayekosa pumzi baada ya kutembea: akae, ainame kidogo mbele, avute hewa kwa pua akihesabu 1, 2, kisha aitoe polepole kwa midomo iliyobanwa kama anayepuliza mshumaa, akihesabu 1 mpaka 4.

4. Mwenye pumpu ya pumu: aitikise, atoe hewa yote, aanze kuvuta polepole akibonyeza, kisha azuie pumzi mpaka 10. Wengi wanabonyeza na dawa inabaki ulimini.

5. Oksijeni ya lopitali: usiongeze wala kupunguza mwenyewe, hata kama ni baba yako. Na sigara au moto karibu na chupa, hapana kabisa.

NENO LA MWISHO

Ndugu, katika masomo hayo yote kuna siku moja ambayo mwanafunzi hasahau. Ni siku anaposimama mbele ya mchimbaji mwenye mapafu ya makovu na kuelewa kwamba hakuna kitu katika vitabu vyake kitakachoondoa makovu yale. Anaweza kumpa oksijeni. Anaweza kumfundisha kupumua vizuri na kutembea bila kuogopa. Anaweza kumfanya alale usiku. Kurudisha pafu lililokufa, hawezi. Waganga nao hawawezi, isipokuwa kwa wachache sana wanaopewa mapafu ya mtu mwingine, na hao nao wanabaki kwenye dawa maisha yao yote.

Katika Marekani ilihitaji watu 78 wafe katika mlipuko wa shimo la Farmington, mwaka 1968, ndipo sheria ya mwaka 1969 ikaweka mpaka wa vumbi la makaa na picha za mapafu kwa wachimbaji. Sisi tusingoje hivyo. Kutoboa mwamba bila maji ni kula mapafu yako mwenyewe. Maski inayoning'inia shingoni hailindi mtu. Picha ya mapafu unayoikimbia leo ndiyo itakayoonyesha kovu likiwa bado dogo, wakati bado unaweza kuhamishwa mahali pasipo vumbi. Na nguo zenye vumbi usiingie nazo nyumbani ukambeba mtoto.

Mtoto wako akipenda kuwa fundi wa pumzi, mpe moyo, ni kazi ya heshima. Lakini fanya kila kitu ili mgonjwa wake wa kwanza asiwe wewe.